Msimnunulie kitabu cha wivu

BARAZANI na Mwanahamisi Kombo

Mtoto wa miaka miwili akigusa tumbo la mama yake na kuuliza kuna nini humo, majibu ya kwetu tunayajua. Mama ameshiba. Au: tutakwenda hospitali kukununulia mdogo wako. Siku mgeni anapoletwa nyumbani, kifungua mimba anasikia kilio usiku kucha, anaona ziwa limepata mwenyewe mpya, na asubuhi anatoa hoja ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuijibu: basi mrudisheni mlikomnunua. Sisi tunacheka. Yeye hana mzaha. Kitu cha kununuliwa hurudishwa dukani; alishamwona baba akirudisha balbu iliyogoma kuwaka.

Kwa hiyo sina ugomvi na wazazi vijana wanaohangaika siku hizi kutafuta vitabu vya picha vya kumwandaa mtoto kabla mdogo wake hajazaliwa. Wazee wenzangu wanaguna: mambo ya kizungu hayo, sisi tulizaliwa wanane na hakuna aliyetusomea kitu. Ni kweli, hakuna aliyetusomea. Lakini tulikulia katika nyumba zilizojaa watu, na kila mwaka palikuwa na shangazi au mke wa mjomba aliyejifungua. Tuliona vichanga vikiogeshwa, vikicheua, vikikandwa mafuta. Mtoto wa leo wa chumba na sebule, Tabata au Kayole, huenda hajawahi kumwona mtoto mchanga kwa karibu hata mara moja. Unapomwambia "mdogo wako anakuja", anachokiona kichwani mwake ni mtoto kama wa jirani, anayekimbia na kupiga mpira.

Tena tazama anapokea habari hiyo katika umri gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Hata wanaofuata ushauri huo, basi, mtoto wa kwanza anakuwa na miaka miwili hadi mitatu wakati tumbo linakua, na wengi wana umri mdogo zaidi. Huyu hajui miezi tisa ni nini. Hajui hata "kesho" ni lini. Na mara nyingi ni katika miezi hiyohiyo ndipo anapopakiwa shubiri ziwani ili aache kunyonya, anapohamishwa kitanda, anapoambiwa avue nepi kwa sababu "sasa wewe ni mkubwa". Yote hayo anayaandika kwenye deni la mgeni. Maneno matupu hayamtoshi. Picha anaweza kuishika na kuirudia mara ishirini kwa siku, na mwisho akaila kona.

Ninapoachana na hao wazazi vijana ni kwenye aina ya kitabu. Vingi vinavyofika madukani kwetu vinatoka ng'ambo, na hadithi karibu ni ileile: mtoto ana wivu, anamfinya kichanga au anatoroka nyumbani, ukurasa wa mwisho anampenda. Laurie Kramer, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliwahi kuvichambua na wenzake vitabu 261 vya watoto vinavyohusu ndugu, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Walikuta ugomvi na ukorofi unakaribia kulingana na wema. Katika jaribio jingine lake, watoto waliosomewa hadithi za ndugu wanaogombana hawakutengenea. Waliokota mbinu mpya za kuchokozana. Na hao walikuwa wakubwa kuliko huyu wetu. Wa miaka miwili ndiyo kabisa. Kurasa ishirini za kufinyana anazielewa vizuri. Funzo la ukurasa wa mwisho halimhusu.

Hata vitabu bora kabisa vina shida hii. Kile cha Ezra Jack Keats cha mwaka 1967, Peter's Chair, ni kitabu kizuri sana: Peter anakuta vitu vyake vya utotoni vinapakwa rangi ya waridi kwa ajili ya mdogo wake Susie, anachukua kiti chake kidogo na kutoroka, kisha anapotaka kukikalia anagundua hakimtoshi tena. Mtoto wa miaka mitano anaelewa amekua. Wa miaka miwili anajifunza kwamba watoto wachanga huchukua viti vya watu.

Kitabu kinachofaa ni kile kinachomweleza huyu mgeni ni mtu wa namna gani. Nasema "mtu" kwa makusudi. Watafiti Judy Dunn na Carol Kendrick walizifuatilia familia 40 za Cambridge, Uingereza, tangu kabla ya mtoto wa pili kuzaliwa, wakatoa kitabu chao mwaka 1982. Katika nyumba ambazo mama alizungumza na mkubwa kuhusu kichanga kama mtu mwenye haja zake (analia, unadhani ana njaa? au kachoka?), mkubwa alielekea kuwa mpole kwa mdogo wake, na upole huo ulidumu miezi mingi. Kazi ya kitabu ni kuanzisha mazungumzo hayo mapema.

Jirani yangu mmoja ana kijana wa miaka miwili na nusu na mimba ya miezi saba. Nimewakuta barazani na picha ya kichanga anayepiga miayo. Kijana akaingiza kidole mdomoni mwa picha.

"Meno yako wapi?"

"Hana bado. Sasa atakula nini?"

"Ugali."

"Bila meno?"

Akafikiri, akamtazama mama kifuani, akasema kwa shingo upande: "Ziwa." Mwenyewe kalitoa, bila shubiri wala kufokewa.

Picha ile haikutoka kwenye kitabu cha duka. Ilikuwa ya kijana mwenyewe, alipokuwa na wiki mbili, imesafishwa studio na kugundishwa kwenye daftari la shule. Humo yumo kwenye beseni akioga, yumo mgongoni kwa bibi ndani ya mbeleko, yumo analia hadi kope zimevimba. Kuna picha ya mama kajifunika khanga siku za arobaini, na ya shangazi atakayelala naye usiku ule mama akienda kujifungua. Hakuna ukurasa unaomwahidi mwenza wa kucheza naye, kwa sababu huo ni uongo wa mwaka mzima. Na kwa kuwa daftari linamhusu yeye, wazee wanaokataza kumtangaza mtoto kabla hajafika hawana cha kulalamikia. Na Mungu apishe mbali, mimba ikiharibika, hakuna kitabu cha kuficha.

Atakayelisoma baada ya mama kujifungua ni baba. Mama yuko kitandani na kichanga kifuani, naye mkubwa anahitaji mtu ambaye mikono yake ni mitupu.

Daftari, hata hivyo, haliwaondolei lawama wachapishaji wetu. Atinuke, mwandishi mzaliwa wa Nigeria, alishatoa mwaka 2015 Double Trouble for Anna Hibiscus!, kuhusu mtoto wa Kiafrika aliyepata wadogo pacha katika nyumba yenye bibi, shangazi na wajomba. Ni kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, mradi wa African Storybook unatoa bure hadithi za picha za kupakua na kuchapa mwenyewe, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini madukani vitabu vingi vya watoto ni vya shule, kwa kuwa mnunuzi mkubwa ni shule, na mtoto wa miaka miwili hana mtihani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 unaonyesha mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8. Hesabuni wenyewe nchi hii ina kaka na dada wakubwa wangapi. Tunaomba kurasa kumi na mbili tu, ngumu, zisizochanika, kwa Kiswahili, na kwa bei ambayo mama anayetoka kliniki anaweza kuilipa.