Maji ya Dodoma si kazi ya mamlaka peke yake

Ukifungua bomba hapa Dodoma mjini, sehemu kubwa ya maji unayopata haitoki mtoni wala ziwani. Inatoka katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Watafiti waliofuatilia kina cha maji yale kwa zaidi ya miaka 50 waligundua kuwa bonde hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Huenda chai ya asubuhi umeipika kwa mvua ya miaka ile!

Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016 watu wameongezeka sana, na mgao tumeuzoea. Lakini mgao una hatari tusiyoiona. Bomba lililotoboka likiwa na presha, maji hutoka nje. Yakikatwa, presha hushuka, na tope au maji ya choo yaliyo jirani hunyonywa ndani. Yakirudi, anayekinga ndoo ya kwanza ndiye anayeyapokea. Basi ndoo hiyo iwe ya kudekia, na ya kunywa chemsha.

Anayechimba kisima kifupi karibu na choo naye hajasalimika. Utafiti wa 1996 ulikuta naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya eneo hili, chanzo kikiwa maji taka. Naitreti haiondoki kwa kuchemsha, na ni hatari kwa watoto wachanga.

Vijijini, sheria ya maji ya 2019 imewapa wananchi vyombo vyao vya kuendesha miradi. Sisi wa mjini tumejifanya wateja tu: dimbwi linakaa siku tatu njiani, kila mmoja akidhani jirani amekwishapiga simu DUWASA. Kwa maoni yangu kila mtaa uchague watu wanne, akina mama wasikosekane maana ndio wabeba ndoo, wakague laini kila maji yanaporudi, waandike siku na saa yalipokosekana, na daftari hilo lipelekwe kwa mamlaka kila mwezi.

Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma ili watu wa Madina wanywe bure. Sisi hatuambiwi tununue kisima. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Ijumaa hii hesabu mabomba ya udhu yanayovuja msikitini kwako, kisha muulize imamu nani anayashughulikia.