Katika dhiki, tusizisahau neema ndogo ndogo

 

Tumeona ni vyema leo tuzungumzie jambo ambalo huonekana dogo, lakini kwa hakika limebeba uzito mkubwa katika nyumba zetu. Nalo ni namna mja anavyoweza kuinua moyo wake, na mioyo ya wale anaoishi nao, pale dunia inapombana.

Hakuna haja ya kueleza kwa urefu kwamba miaka hii imekuwa migumu. Mwaka 2020 ulitujia na maradhi ya korona, yaliyotufanya tuwazike wapendwa wetu kwa haraka na bila ya mkusanyiko tuliouzoea. Mwaka 2022 bei za mafuta na ngano zikapanda, na mama wa nyumbani akaanza kupima mafuta ya kupikia kwa kijiko. Mwaka 2024 mvua za masika zikageuka mafuriko, na wenzetu wa Rufiji na wa sehemu nyingi za Kenya wakayaona mashamba na nyumba zao zikiingia majini. Ukiyaacha hayo yanayotangazwa, kila nyumba ina lake lisilotangazwa: kazi iliyokwisha ghafla, mgonjwa wa miaka, mtoto aliyepotea njia, deni lisilolala.

Katika hali kama hiyo, tumeiona tabia moja ikienea. Nyumba yenye dhiki hunyamaza. Baba huingia bila ya kusalimia, mama hupika bila ya kuonja, watoto hujifunza kutembea kwa kunyata. Akitokea mmoja kucheka, hutazamwa kama aliyefanya kosa. Akijipulizia marashi, huulizwa ana furaha gani. Wako hata wanaodhani kwamba huo ndio uchaji Mungu, kwamba muumini aliyefikwa na mtihani anatakiwa akunje uso mpaka mtihani uondoke. Je, hivyo ndivyo tulivyofundishwa?

Wahenga wetu wamesema kwamba baada ya dhiki faraja. Wamesema kweli, na maana hiyo imo katika Sura ya 65, At-Talaq, aya ya 7, ambayo inaahidi wepesi baada ya uzito. Lakini tukiifungua Sura ya 94, Ash-Sharh, tutakuta kwamba aya ya 5 na ya 6 hazikusema baada. Zimesema pamoja. Wepesi umetajwa kuwa uko pamoja na uzito, na jambo hilo likakaririwa mara mbili. Maana yake ni kwamba iko faraja tunayoingojea mwisho wa safari, na iko nyingine iliyowekwa njiani, ndani ya dhiki yenyewe. Anayeitazama ile ya mwisho peke yake huipita hii ya njiani bila ya kuiona, kisha akalalamika kwamba hakupewa kitu.

Turejee kidogo kwenye Sira. Mwaka wa kumi wa Utume, sawa na mwaka 619, umepewa na wanachuoni jina la Mwaka wa Huzuni. Katika mwaka huo Mtume (S.A.W.) alifiwa na mkewe Bibi Khadija (R.A.), aliyekuwa wa mwanzo kumwamini, na akafiwa na ami yake Abu Talib, aliyekuwa akimkinga na maadui. Akatoka Makka kwenda Taif kutafuta watu wa kumsikiliza. Wakubwa wa mji wakamkataa, wakawachochea wajinga na watumwa wao wakamfukuza kwa mawe mpaka miguu yake ikatoka damu. Akajisitiri katika bustani moja nje ya mji, akakaa chini ya kivuli cha mzabibu, akamshitakia Mola wake udhaifu wake.

Bustani ile ilikuwa mali ya Utba na Shayba, watoto wa Rabia, na wote wawili walikuwa maadui wa Uislamu. Lakini walipomwona katika hali ile waliingiwa na huruma, wakamtuma mtumishi wao Mkristo aitwaye Addas ampelekee kichala cha zabibu katika sahani. Mtume (S.A.W.) akanyoosha mkono, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akala. Kisha wakaanza kuzungumza. Akamuuliza Addas kwao ni wapi, naye akajibu kuwa ni mtu wa Ninawi, na mazungumzo yakafika kwa Nabii Yunus (A.S.), aliyetumwa kwa watu wa mji ule.

Tuizingatie picha hiyo. Damu ilikuwa haijakauka miguuni. Watu wa Taif walikuwa hawajabadilika, na Makka bado ilikuwa ikimngojea na uadui wake. Zabibu zile hazikutatua lolote katika hayo. Lakini hakuzikataa kwa kuwa ni kidogo, wala hakusema kwamba huu si wakati wa matunda. Alikula, akamsemesha aliyemletea. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba kupokea raha ndogo katikati ya maumivu hakupingani na subira. Ni sehemu ya subira yenyewe, kwani anayesubiri naye anahitaji cha kumpa nguvu ya kuendelea kusubiri.

Mafunzo hayo yaliingia pia jikoni. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Bibi Aisha (R.A.), anapofiwa na mtu wa jamaa zake, wanawake hukusanyika kutoa pole, kisha hutawanyika wakabaki watu wa nyumba na wale wa karibu. Hapo ndipo alipokuwa akiamrisha chungu cha talbina kiinjikwe. Talbina ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, ambao wengine huutia maziwa au asali, na jina lake limetokana na maziwa kwa weupe na ulaini wake. Hutayarishwa mkate wenye mchuzi, uji ule ukamiminwa juu yake, naye akawaambia wale, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kwamba talbina huutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni.

Tunaomba msomaji aangalie mambo mawili hapo. La kwanza ni wakati. Chungu hakikuinjikwa wakati nyumba imejaa watu. Kiliinjikwa baada ya watu kuondoka, pale ukimya unapoingia na mfiwa akaona kiti kilichobaki kitupu. La pili ni lile neno baadhi. Haikudaiwa kwamba uji utaondoa huzuni yote. Huzuni ya kweli haiondolewi na bakuli. Lakini kuondoa sehemu yake ni kheri kubwa, na asiidharau kheri hiyo yeyote aliyewahi kulala na uzito kifuani.

Sasa tujitazame sisi. Katika misiba yetu mingi mambo yamegeuka. Siku tatu za matanga, mfiwa ndiye anayetafuta mchele, kuni na sukari ili awalishe waliokuja kumliwaza, na hujikuta na deni juu ya msiba. Ilhali Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaagiza watu wawapikie jamaa wa Jaafar, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Basi jirani anayetaka thawabu asiishie kula pilau siku ya tatu. Aje siku ya kumi, na siku ya arobaini, na kibakuli cha uji wa mtama au birika la chai ya tangawizi, akae kidogo, aulize hali, aondoke. Hilo halina gharama kubwa, nalo ni katika sunna zilizosahauliwa.

Watoto nao wasisahauliwe, kwani wao huzibeba huzuni za nyumba bila ya kuwa na maneno ya kuzieleza. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, naye alikuwa na kindege akichezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.) alipoingia na kumwona, alimsemesha kwa utani mwepesi akimuuliza habari za kindege chake. Kiongozi wa umma mzima, mwenye mambo ya vita na amani mabegani, alipata nafasi ya msiba wa mtoto mmoja. Ni wazazi wangapi miongoni mwetu hujibu huzuni ya mtoto kwa kumwambia anyamaze, kwani baba ana matatizo makubwa zaidi?

Huenda akatokea wa kuuliza iwapo starehe kama hizo hazimpunguzii mtu ibada. Swali hilo lilimtia hofu hata sahaba Hanzala (R.A.), aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa Mtume (S.A.W.). Alidhani amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume huiona Akhera kama iko machoni pake, na akirudi nyumbani hushughulika na mke, watoto na mali. Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kwamba lau watu wangedumu katika hali ile ya kwanza, malaika wangewapa mikono majiani na vitandani mwao. Lakini iko saa ya hili na iko saa ya lile. Moyo, basi, hupumzishwa ili urudi katika ibada ukiwa na nguvu.

Je, ni zipi neema hizo ndogo? Kila nyumba inazo, na nyingi ni za bure. Ni ule upepo wa alfajiri anaokutana nao anayerudi kutoka msikitini. Ni kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata barazani baada ya Alasiri. Ni asumini zilizotungwa na kuwekwa mtoni, udi uliofukizwa usiku wa kuamkia Ijumaa, kanga safi iliyokauka juani, harufu ya ardhi mvua inapoanza. Ni bibi kuwahadithia wajukuu kibatari kikiwaka siku umeme ulipokatika. Ni mchicha uliopandwa ndani ya debe bovu na kuchipua. Qurani yenyewe, katika Sura ya 16, An-Nahl, aya ya 6, inawataja wanyama wa kufuga, ikatukumbusha uzuri ulioko katika kuwatazama wanaporudi jioni na wanapotoka asubuhi. Mfugaji amekuwa akiwaona kila siku, naye ameambiwa atazame tena.

Tunamfahamu baba mmoja aliyepoteza kazi, akawa hatoki chumbani mchana kutwa. Mkewe hakumhutubia. Kila jioni alitandika mkeka nje, akaweka chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, akawaita watoto na kumwita yeye. Siku za mwanzo hakutoka. Siku moja alitoka, akanywa kimya. Kazi hakuipata wiki hiyo wala mwezi huo. Lakini alianza kuzungumza, na aliyeanza kuzungumza ndiye aliyeanza kuuliza nani anatafuta fundi. Mkeka ule haukuleta riziki. Ulimrudisha mtu aliyeweza kwenda kuitafuta.

Pamoja na hayo yote, ipo mipaka ambayo hatuna budi kuitaja. Raha inayonunuliwa kwa deni huondoa huzuni ya leo na kuileta ya kesho ikiwa na riba juu yake, na vijana wetu wanaokimbilia mikopo ya simu ili wafurahi wikiendi moja wanalijua hilo. Raha ya haramu ndiyo mbaya zaidi. Na katika Sura ya 7, Al-Aaraf, aya ya 31 na ya 32, tumeruhusiwa kula, kunywa na kujipamba kwa vizuri tulivyopewa, lakini tukakatazwa kufanya israfu.

Vilevile, maneno haya asiyageuze mtu kuwa kisingizio cha kumsahau mwenye njaa. Haifai kumwambia asiye na chakula anuse asumini. Mwenye njaa hupewa chakula, mwenye kudhulumiwa husimamiwa haki yake. Na yule ambaye huzuni imemkaa wiki baada ya wiki, halali, hali, haoni ladha ya chochote, huyo huenda ana ugonjwa wa sonona. Tusimtuhumu upungufu wa imani. Tumpeleke hospitali kama tunavyompeleka mwenye homa, kwani Uislamu umetuamrisha kujitibu, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiomba kinga kwa Mola wake kutokana na hamu na huzuni.

Ndugu zetu, jioni ya leo, baada ya swala, tunamnasihi kila mzazi afanye jambo moja dogo katika nyumba yake. Aweke simu pembeni, awaite watu wake, wakae pamoja kwa kikombe cha chochote kilichopo, na kila mmoja ataje neema moja aliyoiona tangu asubuhi. Aliyenuna asilazimishwe, aachiwe nafasi yake kwenye mkeka. Na iwapo jirani ana msiba, kikombe kimoja kivuke ua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaondolee dhiki wote walio katika dhiki, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atupe macho ya kuziona neema zake zilizo kubwa na zilizo ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.