Uluguru Ikimeguka, Ruvu Hubeba

Ikitajwa sayansi ya maporomoko ya milima, ya theluji na ya pete za miti, huku kwetu Vihingo na Kisarawe kwa jumla watu wana majibu tayari. Mengine yana chembe ya kweli, na ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana huaminika upesi.

La kwanza: hayo ni mambo ya nchi za theluji, Pwani hatuna mlima. Kweli hatuna, lakini tunakunywa maji yanayotoka mlimani. Mto Ruvu huzaliwa katika milima ya Uluguru, na mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi ndio chanzo cha maji ya mji wa Kisarawe tangu mradi wa Kibamba–Kisarawe ulipozinduliwa mwaka 2020. Udongo ukimeguka Mgeta, kwenye milima hiyo, huingia mto Mgeta, nao humwaga maji yake Ruvu. Aliyesaidia kupima maporomoko ya huko alitoka kwenye theluji hasa. Anders Rapp, Mswidi, katika miaka ya 1950 alipima bonde la Kärkevagge, kaskazini mwa Sweden, apate kujua theluji inayoporomoka, miamba inayokatika na maji yanayotiririka hushusha kiasi gani cha mlima. Kisha akaja kufanya kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

La pili: mlima ukianguka ni mvua tu, miti haina lake. Mvua ni ya Mungu, sibishi. Ila tarehe 23 Februari 1970 zaidi ya milimita 100 zilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa 3, na Rapp pamoja na Paul Temple wakahesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Walitazama pia yalikoanzia. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika asilimia 1. Ni kweli pia kwamba mizizi ina kina chake, na mlima ukikatika chini ya hapo huondoka na miti yake. Msitu hauzuii kila janga, lakini maporomoko ya udongo wa juu, kama yale ya Mgeta, huyapunguza mno.

Nyongeza fupi, kwa kuwa uvumi bado unazunguka: maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, hayakuwa volkano. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima huo iliyoshiba maji ndiyo iliyomeguka na kushuka kama tope.

La tatu: waliahidi barafu ya Kilimanjaro itakwisha kufikia 2020, na bado ipo. Lonnie Thompson na wenzake waliandika mwaka 2002 kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka walikosea. Mwelekeo hawakukosea: kati ya 1912 na 2000 takriban asilimia 80 ya eneo la barafu ilikwisha kupotea, na imezidi kupungua tangu hapo.

La nne ndilo linaloniuma: miti ya kwetu haina pete, kwa hiyo haina kumbukumbu. Mwaka 2001 Valerie Trouet na wenzake walichapisha utafiti wa miti ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, na pete zake zilisomeka hata zikaonyesha alama ya El Niño. Zimbabwe, pete za mninga zimetoa historia ya mvua ya miaka 200, kuanzia 1796. Hoja yenye uzito ni kwamba Pwani tuna masika na vuli, hivyo mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka mmoja. Hilo hupimika. Mti hutiwa jeraha dogo la alama, na baada ya miaka kadhaa pete zilizoongezeka huhesabiwa. Au hupimwa kaboni-14 iliyoongezeka hewani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo ilifika kileleni katika miaka ya 1960 na kubaki ndani ya mbao.

Wakati tunabishana, miti ya Hifadhi ya Ruvu Kusini, inayogusa Kibaha na Kisarawe, inaingia kwenye matanuru ya mkaa. Wala hakuna haja ya kuangusha mti mwingine kwa ajili ya utafiti wa pete. Mkaa haramu unapokamatwa, magogo ambayo hayajachomwa yakatwe vipande kwa msumeno, kila kipande kiandikwe jina la mti, mahali ulipokatwa na tarehe ya kukatwa, kisha vipelekwe chuo kikuu. Tarehe hiyo isisahauliwe, kwa sababu pete ya mwisho chini ya gome ndiyo mwanzo wa kuhesabu kurudi nyuma.