Maria Yupi? Makosa ya Hospitali Hayaponi kwa Kusimamisha Watu Kazi

Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu katika zahanati moja huku kwetu Ufipa, si mbali na Kaengesa. Muuguzi alitokea mlangoni, akaita: "Maria!" Wakainuka wanawake watatu. Hakuna aliyeshangaa. Wamisionari Wakatoliki waliofika katika nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19 walituachia majina ya watakatifu, nasi tumeyarithisha kwa watoto na wajukuu, hata benchi moja la wagonjwa likawa na akina Maria watatu na akina Emmanuel wawili. Muuguzi alimwendea bibi aliyekuwa karibu, akamuuliza: "Bibi, wewe ndiye Maria wa sindano?" Bibi akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Alikuwa amekuja kwa ajili ya macho.

Binti wa bibi huyo aliingilia kati, na dhara halikutokea. Nami nililifikiria swali lile njia nzima ya kurudi nyumbani. Bibi yule anakisikia Kifipa kuliko Kiswahili, masikio yake yamepungua nguvu, na amelelewa kumwitikia kwa heshima mtu aliyevaa sare. Ukimpa swali lililobeba jibu lake, atakuitikia. Swali salama ni lile linalomtaka aseme mwenyewe: "Bibi, jina lako kamili ni lipi, na umetoka kijiji gani?" Maneno machache tu, wala hayahitaji bajeti.

Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo kiini cha elimu iitwayo ergonomia: kuipanga kazi, vifaa na mazingira yake kulingana na binadamu alivyo. Binadamu huchoka, husahau, na mara nyingi huona kile alichotarajia kukiona. Elimu hii haianzi kwa kuuliza nani amekosea. Huuliza kwanza ni nini katika kazi hii kilicholifanya kosa liwe jepesi.

Mfano wake mashuhuri ni wa vitani. Mwaka 1943 marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama na ndege za B-17, kisha, wakiwa tayari ardhini, wakikunja magurudumu badala ya mabawa madogo ya kupunguza mwendo. Walilaumiwa kwa uzembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza alikuta swichi mbili zimewekwa jirani na zinafanana. Kishikizo kimoja kikapewa umbo la gurudumu, kingine umbo la bawa, ili mkono utambue hata jicho likikosea. Hakuna rubani aliyehitaji semina ya maadili.

Sisi tumelipia somo hilo kwa maisha. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishiwa upasuaji: aliyehitaji kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyehitaji kutibiwa kichwa alipasuliwa goti. Huyu wa pili baadaye alifariki dunia. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mtu asiyehitaji upasuaji wa ubongo alifunguliwa fuvu baada ya utambulisho wa wagonjwa wawili kuchanganywa. Waliokuwa chumbani walishtuka walipolikosa bonge la damu walilolitafuta. Watumishi kadhaa wakasimamishwa kazi, na mkurugenzi mkuu akapewa likizo ya lazima. Zaidi ya miaka 10 ilitenganisha misiba hiyo, na mtego ulikuwa uleule.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kinga yake ilikuwa inajaribiwa nchini mwetu wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilichagua hospitali katika miji 8 duniani ili kupima orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19. Pamoja na London, Toronto na New Delhi, ilikuwamo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Utafiti ulianza Oktoba 2007, mwezi mmoja kabla ya msiba wa MOI, ukaendelea hadi Septemba 2008. Kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, wahudumu husimama kidogo na kuthibitisha kwa sauti: ni nani huyu, tunafanya nini, upande upi. Kwa hospitali zote 8 kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Turudi zahanatini, maana huko hakuna chumba cha upasuaji lakini mitego ipo. Muuguzi mmoja hupima wajawazito, huchanja watoto, hutoa dawa, na bado rejista za MTUHA zinamsubiri. Akiwa anahesabu vidonge, mtu anabisha mlango. Akirudi, ameanzia wapi? Vichupa viwili vya dawa tofauti vyenye kifuniko cha rangi moja vimekaa rafu moja. Usiku anasoma maandishi madogo kwa tochi ya simu. Kisha anakuja kiongozi na msafara wake na kamera, anasikiliza lalamiko moja, na mtumishi anasimamishwa papo hapo huku wananchi wakipiga makofi. Anayempokea anakabidhiwa rafu ileile na tochi ileile, tena akiwa amejifunza kwamba kosa lililonusurika halisemwi.

Sitetei ulevi kazini, rushwa wala matusi kwa wajawazito. Hayo yana sheria zake, na zitumike. Nazungumzia mtumishi mwaminifu aliyechoka.

Wala hatuanzi sifuri. Jirani zetu wa Hospitali ya Rufaa Mbeya walianza mwaka 2007, kwa msaada wa Japani, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi ambao watumishi wengi wa afya wanaukumbuka kwa S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Katika vituo vingi umebaki kuwa bango ukutani, kwa sababu tumeuchukulia kama usafi wa ofisi. Kutenganisha vichupa vinavyofanana ni "seti" yenye uhai wa mtu ndani yake.

Kila mwaka halmashauri zetu huandaa Mpango Kabambe wa Afya. Wanafunzi wangu na wanaharakati mnaosoma hapa, uombeni, muusome. Tafuteni humo fedha za tepe za mkononi zenye majina, za taa ya kusomea dawa usiku, na daftari la makosa yaliyonusurika ambalo anayeliandika hataadhibiwa. Maofisa mipango mnaonisoma, nawasubiri mniambie vipengele hivyo viko ukurasa gani.