Mtoto Asiyejua Kucheza

Mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto ambaye wenzake wanacheza, yeye amekaa tu. Ana miaka mitatu au minne, hatamki maneno, na ukimpa kopo analigonga chini tangu asubuhi hadi mkono uchoke. Hapa Kihurio msimu wa mpunga ukifika, tunamkuta mtoto wa namna hii ameachwa ndani na bibi, mlango umerudishiwa, mama yuko jarubani. Hatendewi ubaya. Analishwa, anaogeshwa. Lakini hakuna anayecheza naye, maana wote wamekubaliana kwamba hajui kucheza.

Ni kweli hajui. Watoto wengine hujifunza kwa kuwatazama kaka na dada zao. Huyu, awe na utindio wa ubongo, usonji, au akue polepole tu, hufundishwa mchezo kama anavyofundishwa kushika kijiko. Asipofundishwa hukosa mengi zaidi ya mchezo, kwa kuwa kutazamana, kupokezana na kungoja zamu ndiko kunakotangulia maneno.

Kwanza masikio na macho yapimwe. Mtoto asiyesikia huonekana mkaidi. Anzia zahanati, uombe rufaa; KCMC kule Moshi kuna madaktari wa masikio na wa macho. Kama huanguka kifafa, lisemwe huko bila kuficha. Maombi tunaomba pamoja nanyi, na dawa ameze.

Sasa, mama, usimnyang'anye lile kopo. Keti chini mbele yake, uso wako ulingane na wake, uchukue kopo lako na kugonga kama yeye. Gonga mara mbili, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. (Kunyamaza ndiko kunakotushinda wengi!) Huenda asikutazame leo wala kesho. Siku atakapoinua macho kukungojea, mchezo umeanza. Baadaye tia magunzi ya mahindi ndani ya kopo: wewe manne, la tano amalizie yeye, ukimsaidia kwa kumshika kiwiko. Sema neno moja tu, "Ndani!" Akizoea, amalizie mawili. Maharage usimpe, yatamkaba.

Kama hawezi kuketi, mwegemeze kwenye kona kwa kanga zilizoviringishwa ili mikono iwe huru. Kama kelele humfanya azibe masikio, acha makopo, jifunike uso kwa kanga na ungoje aivute.

Dakika tano zinatosha, mara mbili tatu kwa siku, kwa mfano makande yakiwa jikoni. Makande hayana haraka. Wala hahitaji vitu vya dukani. Kitabu cha David Werner cha mwaka 1987 juu ya watoto walemavu vijijini, kilichotokana na kazi ya walemavu wenyewe katika kijiji cha Ajoya, milimani Mexico, kimejaa vifaa vya kutengeneza nyumbani.

Akishazoea kupokezana nawe, mwite mtoto mmoja wa jirani, aliye mpole, umwoneshe namna ya kungoja. Wa pili aje baada ya wiki kadhaa. Wakija sita kwa mara moja, huyu atarudi kwenye kona na kopo lake.