Kuku wa Jumapili na alama ya kosa

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani Morogoro. Mama alichinja jogoo wa kienyeji, na tulipomaliza kula nikaomba nyundo. Mdogo wangu akadhani nimechanganyikiwa. Nikavunja mfupa wa paja: uboho umejaa. Nikavunja ule mnene wa bawa, unaoanzia begani. Mtupu! Hewa tu.

Wapenzi wasomaji, nina kisa na mifupa hii. Nikiwa kidato cha pili, shule siitaji, niliandika kwenye mtihani kwamba kuku ana mifupa yenye uboho na mingine yenye hewa. Nikapigwa kosa. Jibu lililotakiwa lilikuwa moja: mifupa ya ndege ina uwazi ndani ili wawe wepesi wa kuruka. Basi.

Sasa hebu tuulize, hewa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye mapafu, kupitia vifuko vya hewa vinavyopenya mpaka ndani ya mfupa. Mwaka 1774 mpasuaji wa London, John Hunter, alieleza jinsi ndege aliyezibwa koo alivyoweza kupumua kupitia mfupa wa bawa uliokatwa. (Unyama, nakubali.)

Wepesi upo, sikatai. Hondohondo wa misitu ya Uluguru ana hewa mpaka kwenye mifupa ya ncha za bawa, na anaruka vizuri tu. Lakini popo naye anaruka, na hewa ya mapafu haiingii kwenye mifupa ya mabawa yake. Mbuni haruki kabisa, ila mfupa wake wa paja una hewa. Na yule mjusi wa Tendaguru, aliyechimbuliwa Lindi na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambaye mpaka leo yuko Berlin, alikuwa na vyumba vya hewa kwenye pingili za mgongo. Naye aliruka? Kinyume chake ni kiboko wa Mikumi: mifupa yake ni mizito, ina kuta nene, ndiyo maana anatembea chini ya bwawa badala ya kuelea kama boya.

Mwalimu wangu simlaumu, naye alikaririshwa. Kinachoniudhi ni wimbo wa kila siku kwamba maabara hakuna, huku mifupa inatupwa jalalani, buchani na kwenye vibanda vya supu. Tena katika mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kinachofundisha madaktari wa mifugo! Mtoto anafaulu biolojia bila kuvunja hata mfupa mmoja.

Mdogo wangu, ambaye mwaka huu naye yuko kidato cha pili, aliviangalia vipande vile kwa muda mrefu.

"Sasa kaka, kwenye mtihani niandike nini?"

Nikamwambia aandike alichokiona. Mama akadakia kutoka jikoni: "Mpotoshe tu mwenzio. Matokeo yakitoka utakuja kueleza wewe."

Sikumjibu.