Buloni iliyojificha nyuma ya moteri

Wamama wenzangu, kila tulipofunga safari ya Butembo kwenda Beni, watoto walilalamika kichwa. Nikasema ni njaa. Kumbe bomba la moshi, eshapema, lilitoboka mbele, moshi unaingia ndani ya gari. Moshi ule una monoksidi ya kaboni: haina rangi, haina harufu, na inaua.

Tulinunua kipande kipya, siku ya posho nikalala chini ya gari. Kriki peke yake isibebe gari hata dakika moja! Tuliweka magogo mapana chini, na mawe kwenye magurudumu. Buloni mbili zilifunguka. Ya tatu iko juu, nyuma ya moteri, mkono hauingii. Nusu saa nzima nilichubua vidole bure.

Jirani yetu fundi akacheka kidogo: «Mama Mwalimu, usiifuate kwa mbele, ifuate kwa nyuma.» Bomba lilikuwa limepoa, akainyunyizia mafuta, tukaiacha ilale. Kesho yake tuliunga ralonji mbili ndefu na kiungo kinachojikunja, tukazipitisha kandokando ya bomba mpaka zikashika kichwa cha buloni. Ikalia kidogo, ikakubali.

Wakati wa kurudisha, zote tatu funga kwanza kwa vidole, ndipo ukaze. Ukikaza moja mapema, bomba linapinda na ile ya juu haioni tena tundu lake.

Safari iliyofuata, kitinda mimba aliomba maandazi tu. Kichwa hakukitaja.